Gego la Nawfa na Kibuyu cha Wifi

Daktari alipokwisha kumng'oa Nawfa gego, alimwonya: "Siku tatu usifyonze kitu, damu isije ikatoka tena."

Nawfa alirudi nyumbani, mjini Suwayda, Syria, ulimi umekufa ganzi, hasira zimemfika puani. Hata hajaketi, akaingia Ghalia, wifi yake. Walikuwa hawasemezani mwaka wa saba huu, kwa ugomvi wa ukuta wa shamba la mizabibu, ulioanzia kwenye ulimi mkali wa Nawfa.

Ghalia hakusalimu. Alitoa kibuyu chake, akakijaza majani ya yerba, chai chungu inywewayo kwa zamu, akatia maji ya moto, akafyonza kwa mrija wa chuma. Akaupangusa mrija kwa ganda la limau, kisha akamnyooshea kibuyu.

Nawfa akaganda. Kwao, kukataa kibuyu ni kukataa suluhu.

"Unaniringia?" Ghalia alifoka. "Nimekuja kwa miguu yangu, Nawfa!"

Nawfa alifungua kinywa, ikatoka miguno mitupu. Akapokea kibuyu, akauchomoa mrija, akasubiri kipoe. Mwishowe akakigugumia, chai na majani vikimchuruzika kidevuni.

Ghalia akalitazama shavu lililovimba, akaelewa, akaangua kicheko.

"Mjinga wewe! Ungeng'olewa jino miaka saba iliyopita, tusingefika huku."