Woga wa Barabara ya Beni

"Unaogopa nini, mama?"

Muuguzi wa kituo cha afya cha mtaani kwetu, kule Bulengera mjini Butembo, alimwuliza mama yangu swali hilo huku macho yake yakiwa dirishani. Mimi, niliyekuwa nimesoma miaka miwili ya chuo kikuu Kisangani kabla ya vita kunirudisha nyumbani, nilifungua kinywa nimjibie. Muuguzi hakungoja jibu. Alikuwa tayari ametundika chupa ya kwinini.

Ndivyo ilivyokuwa miaka ile. Ukitetemeka, ni malaria. Usipotetemeka, ni malaria iliyojificha.

Mama alikuwa akinunua vitunguu Kipese na kuviuza Beni. Njiani alipita vizuizi vya kila jeshi lililopata kamba ya kufungia barabara. Aliwauliza askari kama mama zao wanajua walipo, nao walicheka wakampitisha. Kisha siku moja, karibu na Kabasha, jua likiwaka na barabara ikiwa tupu, bila hata askari mmoja, moyo ulianza kumpiga kama unaotaka kutoka. Vidole vikafa ganzi, pumzi ikakatika. Alijua anakufa. Walimrudisha Butembo juu ya magunia yake mwenyewe, na alipofika nyumbani alikuwa mzima. Baada ya wiki ikamrudia, ikamrudia tena, mpaka akaacha safari. Kisha akaacha soko. Kisha akaacha misa, kwa sababu katikati ya kanisa mlango uko mbali.

Kila mtu akawa daktari. Muuguzi alimtundikia kwinini mara ya pili, na mama aliposema masikio yanavuma na moyo unazidi kwenda mbio, alifurahi kwamba dawa imeukuta ugonjwa. Wanawake wa kikundi cha sala waligundua pepo wa bibi fulani ambaye ukoo mzima haukumkumbuka. Walimtoa kwa kelele ambazo zingemtia wazimu hata mwenye akili timamu. Baba mdogo, ambaye tangu vita vianze hakuwa amevuka mtaa wa pili, alitueleza kuwa mama hana ujasiri.

Hayo yote ningeyacheka kwa raha, ila dada yangu mkubwa alikuwa anaolewa Beni baada ya mavuno. Mama asipofika, ukoo wa bwana harusi ungesema hakutoa baraka, na kwetu neno hilo humfuata bibi harusi hadi kwenye mimba yake ya kwanza. Mama alilijua. Alikuwa akikikunja kitenge chake cha harusi, akikikunjua, akilia.

Nikampeleka kwa daktari wa hospitali, nikiwa nimejiandaa kumdharau naye. Aliusikiliza moyo, akapima damu, akauliza kama unampiga akipanda kilima na gunia au akiwa amekaa. Akiwa amekaa, alisema mama. Kisha akauliza jambo ambalo hakuna aliyekuwa ameliuliza: ameacha kufanya nini? Mama akaanza kutaja, na hakumaliza haraka.

Daktari akasema moyo ni mzima. Ni woga wenyewe uliogeuka ugonjwa. Nikamwambia basi aulaze mji wote wodini, maana sote tunaogopa.

"Weye unaogopa askari," alinijibu. "Akienda, woga inaisha. Ya mama yako inaanza pale askari haiko."

Sikupenda kwamba jibu lilikuwa zuri.

Tiba yake ilinichekesha kuliko pepo. Kwinini ikome. Kila wiki mama aje wazungumze. Apande gari, kwanza likiwa limesimama. Kisha hadi Maboya, kwenye njia ya Beni. Kisha mbele zaidi. Moyo ukianza, apumue polepole na kungoja, kwa sababu woga ukipanda lazima ushuke. "Musimame kama munataka," alisema, akichomeka "lakini" ya Kifaransa, "mais musigeuze gari."

Madereva walikataa kupoteza siku na mgonjwa asiye na jeraha. Alikubali mmoja tu, Mwislamu wa Beni mwenye pikapu kuukuu. Huyo nilimdharau tangu safari ya kwanza. Kila tulipokaribia Kabasha alisema rejeta imechemka, akashuka na dumu la maji, akainua kifuniko cha injini na kusimama nyuma yake muda mrefu. Mama alibaki kitini akihema, ameshika ukingo wa dirisha.

"Papa, ununue gari ingine," nilimwambia dereva siku moja. "Hii inazeeka kukupita."

"Polepole," alisema, "mais inafika."

Siku ya harusi dereva alisimama tena palepale. Mama alinishika mkono. "Nakufa," akasema. Nami, kwa kukosa neno la maana, nikamwuliza atakufa kabla au baada ya keki.

"Weye batakuzika na mudomo yako," alisema, akacheka kwa hasira. Woga ukashuka. Gari halikugeuzwa.

Kanisani alikaa benchi la mwisho, karibu na mlango. Lakini wazazi walipoitwa, alilitembea kanisa zima hadi mbele, akaweka mkono juu ya kichwa cha dada yangu.

Miaka mingi baadaye, dereva akiwa ameshazikwa, mama aliniambia huku akimenya vitunguu: rejeta ile haikuwahi kuchemka. Dereva naye alikuwa mgonjwa wa daktari yuleyule. Nyuma ya kile kifuniko alikuwa akinawa uso, akingoja woga wake ushuke.