Chai Iliyomnyamazisha Shangazi

Shangazi yangu alifundisha ushairi chuoni. Wanafunzi walimwita Redio, maana akishaanza kuongea hakuna wa kumzima. Alikuwa mtu wa vina na mizani. Mashairi ya kisasa, yale mafupi yasiyo na vina, ambayo watunzi wake walijifunza kwa washairi wa Mashariki ya Mbali, aliyafundisha shingo upande. Uvivu mtupu, alisema: mtu anataja kikombe cha chai, anataja mvua, anaweka kalamu chini.

Mwaka mmoja chuo kilipata mgeni kutoka huko huko Mashariki, mama mmoja mwalimu wa ufinyanzi. Akawaalika wenzake wachache chumbani kwake kunywa chai. Shangazi alikwenda na maswali tele, tayari kwa ubishi.

Chumba kilikuwa kitupu: mkeka, birika juu ya jiko dogo la umeme, ua moja ndani ya chupa. Mgeni alipangusa bakuli lililokuwa safi tayari, taratibu, kama anayempangusa mtoto uso. Akatia unga wa chai wa kijani, akamimina maji, akakoroga kwa kijifagio cha mwanzi. Shangazi alifungua mdomo aulize, akasikia maji yakivuma ndani ya birika, akaufunga. Mwili ulimsisimka. Alipokabidhiwa bakuli kwa mikono miwili, machozi yalimtoka, wala hakujua yametoka wapi. Chai yenyewe, alituambia, ilikuwa chungu kama dawa.

Alirudi nyumbani akashinda mezani, akiandika na kufuta. Kisha akampa mumewe, fundi magari, asome:

*Mvuke umekwenda.*
*Bakuli*
*lina joto la mikono yako.*

"Lililobaki liko wapi?" mumewe akauliza.

"Limeishia hapo."

Akalisoma tena. Akaitazama mikono yake yenye grisi.

"Mama alikuwa akinipa uji hivi," akasema. "Anashika bakuli kwanza, uji usiniunguze."

Mama yake alifariki yeye akiwa mdogo, na katika ndoa yao yote hakuwahi kumtaja. Tenzi ndefu za shangazi alizisifu kila mara, na kila mara alisinzia katikati. Shangazi alikitazama kile kikaratasi akaogopa kukigusa.

Aliendelea kutunga kwa vina, maana alivipenda. Lakini yale mafupi, kabla ya kuyasoma darasani, alisimama kwanza kidogo, kama mtu aliyefika mlangoni pa nyumba ya ibada.