Nilichomjibu Mkaguzi

Nilipopangiwa shule ya msingi karibu na Nyamwage, nilikuwa kijana wa kutoka bara, ndiyo kwanza natoka chuo cha ualimu. Ilikuwa miaka ile ya ruksa, biashara ilipofunguliwa. Maduka ya Ikwiriri yalishaanza kujaa redio na sabuni za kunukia, lakini shuleni kwetu wanafunzi walikaa chini.

Mwalimu mkuu alinipa darasa la kwanza. Pembeni ya uwanja palikuwa na banda la makuti, chekechea ya kijiji. Mlezi wake alikuwa mama mmoja wa Kimatumbi, mtu mzima, aliyejifunza kusoma ukubwani. Kazi aliyopewa na kijiji ilikuwa kupika uji, kuwaogesha watoto na kukaa nao mpaka mama zao warudi kutoka shamba, hasa msimu wa kuamia ndege wasimalize mpunga. Kazi yangu ilikuwa kufundisha, na sikutaka mtu asahau tofauti hiyo. Mtoto wa darasani kwangu akijikojolea, nilimpeleka bandani nikaendelea na ubao. Yule mama alimwosha, akamfunga kanga yake mwenyewe, akamrudisha.

"Mwalimu, mtu wako huyu hapa."

Sikumbuki hata siku moja niliyosema ahsante.

Nilijua pia kwamba alikuwa akifanya zaidi ya kupika uji. Alikunja ukindu akatengeneza herufi, akazitundika kwenye fito za banda, na watoto walizishika, wakazitamka, wakaziunganisha. Walipofika kwangu walikuwa wanasoma tayari.

Asubuhi moja akaja mkaguzi kutoka wilayani. Akamwita binti mdogo wa mstari wa mbele, akampa kitabu. Binti akasoma ukurasa mzima bila kukwama. Mkaguzi akanigeukia.

"Umewafikishaje hapa mapema hivi?"

Yule mama alikuwa mlangoni, amemshika mkono mtoto aliyetoka kumwosha. Nilimwona vizuri kabisa.

"Ni bidii tu, mzee," nikasema. "Nilianza nao herufi moja moja."

Mama akamsukuma mtoto ndani taratibu, akaondoka.

Baadaye mkaguzi akapita bandani, akaziona zile herufi. Akaniuliza, mlezi mwenyewe akiwa hatua tatu tu kutoka pale tuliposimama, "Na huyu naye anafundisha?"

Hapo nilipata nafasi ya pili ya kusema kweli.

"Hana mafunzo, mzee. Anawachezesha tu."

Mkaguzi akamwagiza mwalimu mkuu kwamba mlezi abaki na uji na usafi, herufi awaachie wenye cheti. Kesho yake yule mama alizitungua mwenyewe, moja moja, akaziweka chini ya sufuria ya uji zikaungua. Barua ya kunipongeza ilipofika, ilisomwa mbele ya shule nzima. Alisimama nyuma na mwiko wake, akapiga makofi kama wengine.

Mwaka uliofuata watoto waliingia darasa la kwanza hawajui a wala e. Nilipiga kelele, nilichapa, sikufika popote. Mwishowe, mchana mmoja, nikaenda bandani. Alikuwa anakwangua ukoko wa uji.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwalimu."

"Nimekuja kukuomba radhi. Siku ile nilisema uongo."

"Nilikusikia." Hakuacha kukwangua.

"Naomba uanze tena kuwafundisha. Nitazungumza na mwalimu mkuu."

"Utamwambia nini?"

Akaiinamisha sufuria, akamwaga maji machafu, ndipo akanitazama.

"Mimi nimekusamehe, mwanangu. Lakini waliokatazwa kujifunza si mimi. Kamwambie ulichoniambia mimi, halafu uje."

Nilikwenda siku ileile. Mwalimu mkuu aliinua uso, akaniuliza nina shida gani. Nikaomba ruhusa ya kwenda Kibiti Ijumaa. Akanipa.

Bandani sikurudi. Kwa miezi iliyobaki nilikuwa nikizunguka nyuma ya madarasa ili nisipite mbele yake, na mtoto akijikojolea nilimwosha mwenyewe, vibaya, kwa haraka, huku wenzake wakicheka. Uhamisho wangu ulipotoka niliondoka asubuhi mapema, kabla yule mama hajawasha moto. Wale watoto niliwaacha bado wanababaisha silabi, na mwalimu mkuu hajui kwa nini.