Kiswahili cha Kuulizia Mvua

Nilikuwa na duka la vitambaa Nateete, na baada ya swala ya alasiri nilifundisha Kiswahili. Wanafunzi wangu wengi walikuwa wachuuzi waliokwenda Kenya au Kongo. Kwa hiyo nilishangaa alipoingia mwanamke kijana, Mganda, mhadhiri wa chuo kikuu, akasema anataka lugha hiyo ili akaulize habari za mvua Karamoja.

Alinieleza kazi yake kabla hata ya kuketi. Kule kaskazini mashariki mwa nchi yetu misimu ilikuwa imegeuka. Mvua zilichelewa, au zilikuja kwa kishindo zikaondoka na udongo, na mtama ukanyauka kabla ya kutoa masuke. Alitaka kujua watu wanaishije na hali hiyo: wanahamishia wapi mifugo, wanapanda mbegu gani, wanauza mbuzi wakati gani. Mara ya kwanza alikwenda na Kiingereza chake na mkalimani, na majibu marefu yakamfikia yakiwa maneno mawili matatu. Lakini aliona kwamba wengi kule, kwa kufanya biashara na wenzao wa ng'ambo ya mpaka, walikuwa na Kiswahili.

"Mtu akieleza alivyopoteza ng'ombe wake," akasema, "nataka nimsikie mwenyewe."

Herufi l na r zilimtesa. Aliniuliza kwa majaribio, "Mvua ilipokosekana, mlikura nini?" nikamwambia watadhani anawauliza habari za uchaguzi. Tulicheka sana siku hiyo.

Tulipofika kwenye kitenzi cha kulala, aliweka kalamu chini. Akanisimulia kwamba katika vita vile vilivyoisha mwaka 1986, askari waliingia kwao Luweero, yeye akiwa mtoto mdogo. Maneno ya kwanza ya Kiswahili aliyoyasikia maishani ndiyo waliyomwambia baba yake: lala chini. Baba yake hakuinuka tena.

Kwetu sisi ambao mababu zetu walitoka pwani, Kiswahili ni lugha ya jikoni na ya dua, lakini nilijua jinsi majirani walivyokisikia. Nikamwambia tunaweza kuliruka neno hilo.

"Hapana, Hajati," akasema. "Kule watu wanalala njaa. Nikiliruka, nitawauliza vipi?"

Tukaendelea na somo.

Alikwenda, akarudi, akaenda tena, misimu kadhaa. Kila aliporudi alipitia dukani, midomo imepasuka kwa jua, kunipa habari: kina mama waliopanda mtama wa muda mfupi pamoja na ule wa zamani, ili mmoja ukishindwa mwingine usalie; familia zilizochimba mabwawa ya kunyweshea ndama. Aliwazungumzia kama mtu anavyowazungumzia ndugu zake.

Utafiti ulipokamilika, aliwaalika baadhi yao Wandegeya, kwenye ukumbi ambako wakubwa wa chuo wangesikiliza matokeo, nami nikaalikwa. Alianza kwa Kiingereza. Kisha akawageukia wageni wake, akaeleza yote upya kwa Kiswahili, na mmoja wao akawatafsiria wenzake wasiokijua. Mzee mmoja karibu yangu alinung'unika kwa sauti kwamba hiyo ni lugha ya askari. Mhadhiri alisikia, maana aligeuza macho upande wetu. Kisha akaendelea polepole, mpaka akafika kwenye mambo ambayo yeye mwenyewe alikuwa bado hajayaelewa, akayataja bila kuficha.

Mama mmoja wa kutoka Karamoja akasimama.

"Wengi wamekuja kutuuliza," akasema. "Wewe ndiye wa kwanza kutuambia tulichojibu."

Halafu akaongeza kwamba bwawa la upande wao hukauka mapema kuliko ilivyosemwa. Mhadhiri alimshukuru na kusahihisha palepale, mbele ya wakubwa wake.

Ukame haukuisha kwa sababu ya mkutano. Lakini baadaye kule Karamoja yalianzishwa mashamba ya kujaribia mbegu, na wanaochagua cha kupanda ni wale kina mama. Mhadhiri huenda huko kila msimu kuona kilichoota.

Jioni ile ya mkutano niliwapikia wote pilau nyumbani. Wageni walizungumza habari za majani na malisho mpaka magharibi, na mwanafunzi wangu alikaa nao mkekani, akisikiliza.