Mke wangu aliniuliza swali moja tukiwa tunacheza gemu la zamani la besiboli

Wakuu, habari za saa hizi.

Humu mie ni msomaji zaidi kuliko mchangiaji, wengi hamnijui. Juzi mdau mmoja alileta uzi wa magemu ya zamani, yale ya kuchomeka kaseti, watu wakacheka sana kwenye komenti. Nikaanza kuandika komenti ya mistari miwili. Ikarefuka. Nikafuta. Nikaandika tena, nikaona hii haikai kwenye uzi wa watu waliokuja kucheka.

Ninayoeleza yamenipata mwenyewe. Nitaeleza kama yalivyokuwa, hata pale ninapoonekana mjinga.

Mie naishi Wazo. Ni karani wa mizani kwenye yadi moja ya kokoto. Lori linapanda, nasoma uzito, naandika, linashuka. Mke wangu, tumwite Yusta, ni mwalimu wa darasa la pili. Tumeoana miaka sita, na mimba ilichelewa mpaka watu wakachoka kutuuliza.

Ikaja. Tukafurahi kimyakimya, si mnajua mtu aliyesubiri sana anavyoogopa kufurahi kwa sauti.

Mimba ilipofika mwezi wa nane mtoto akaacha kucheza tumboni. Tukaenda hospitali, wakapima, nesi akatoka nje kumwita daktari, na mie nilijua kwa vile alivyotembea. Yusta alijifungua kesho yake alfajiri. Mtoto wa kike. Hakuwa na uhai.

Sasa hapa ndipo pa muhimu, wakuu.

Yusta alikuwa amechoka sana, amepewa dawa, amelala. Mama mkwe alinivuta pembeni kwenye korido akaniambia, "Baba, asimuone. Akimuona hatalala maisha yake yote. Mchukueni mkamzike, akiamka yawe yameisha."

Mama mkwe ni mtu mwema. Alikuwa analia akisema hivyo. Na mie nilikuwa sina akili yoyote siku ile, nikaitikia kwa kichwa tu.

Nesi akanipa mtoto mikononi, amefungwa kwenye khanga. Kaka yangu mkubwa, Festo, alikuwa amekuja na gari la rafiki yake. Tukaenda makaburini sie wawili na mchungaji. Kabla ya saa sita mchana tulikuwa tumemaliza.

Yusta alipoamka aliuliza mara moja tu, "Wamempeleka wapi?" Mama yake akamwambia, "Ameshapumzika mwanangu, usijisumbue." Basi. Hakuuliza tena.

Tukarudi nyumbani. Wageni wakaja na yale maneno yetu: Mungu atawapa mwingine, bora yeye kuliko mama, nyie bado vijana. Mama mkwe akakusanya nguo zote za mtoto, akazitia kwenye begi akaondoka nazo kwake Ukonga ili Yusta asiwe anaziona.

Yusta alikuwa na likizo ya uzazi. Hebu fikirini hilo. Likizo ya kulea mtoto, na mtoto hayupo. Anaamka asubuhi, anafagia, anakaa.

Mie nikaanza kuomba overtime. Nilijiambia natafuta kwa ajili ya familia. Ukweli ni kwamba nilikuwa nakimbia nyumba yangu. Tukikaa wote tulikuwa tunaongea kuhusu gesi, luku, maji yametoka au hayajatoka. Tulikuwa tunaongea kama wapangaji wawili.

Kumtaja mtoto nilikuwa naogopa. Niliona nikimtaja ndiyo namtonesha kidonda. Hata sikuwahi kulia mbele yake. Nilikuwa nalia kwenye kibanda cha mizani, dereva akigonga dirisha nasema vumbi.

Miezi miwili ikapita hivyo.

Jumamosi moja nilitumwa kupeleka pasi kwa fundi redio. Pale kwenye meza yake, katikati ya maredio yaliyofumuliwa, nikaona gemu la zamani, lile deki lake jeupe lililogeuka njano, padi mbili za waya na kaseti moja. Fundi akaniambia mwenyewe aliliacha mwaka juzi hajarudi. Linafanya kazi ila kaseti ni hiyo tu, na si ya mpira wa miguu.

Nilipokuwa mdogo kule Makambako kulikuwa na nyumba moja yenye gemu kama lile, tulikuwa tunapanga foleni. Lakini siwezi kuwadanganya kwamba nililinunua kwa sababu ya utoto. Nililinunua kwa sababu ilikuwa saa nane mchana, nilikuwa natakiwa kurudi nyumbani, na sikuwa na cha kufanya nikifika.

Nikachomeka zile nyaya kwenye TV yetu. Kaseti ikagoma, nikaipuliza, ikagoma, nikaifuta kwa fulana, ikawaka. Maandishi karibu yote Kijapani. Vijitu vifupi vinene vimesimama kwenye uwanja wa kijani, mmoja anarusha kipira, mwingine ana gongo.

Besiboli. Mchezo ambao mie na ukoo wangu wote hatujawahi kuuona ukichezwa na mtu mwenye damu.

Nikawa nabonyeza hovyo. Yusta alikuwa kwenye mkeka karibu na mlango anachambua maharage, hata hakunigeukia. Nikapiga gongo hewani, nikapiga tena hewani, kile kijitu kikaondoka zake kichwa chini.

"Mbona kimetoka?" Yusta akauliza.

"Sijui."

Kikaja kingine. Nacho kikatoka.

Baada ya kama dakika ishirini akasema, bado anachambua, "Angalia kule juu kuna herufi S. Ukikosa inajaa. Zikifika tatu ndiyo unatolewa. Na hiyo O zikijaa tatu mnabadilishana."

Mwalimu huyo, wakuu. Mie mtu wa kusoma namba kutwa nzima sikuziona.

Nikampa padi ya pili. Alisita, akafuta mikono kwenye khanga, akapokea.

Akanifunga saa hiyohiyo. Mabao kumi na moja kwa bao langu moja.

Tulikuwa hatujui sheria, tukawa tunazigundua moja moja. B tulidhani ni bao, kumbe ni mpira uliorushwa vibaya, ukirusha minne mwenzio anatembea bure. Tulibishana wiki nzima kwa nini mchezaji mwingine anakimbia na mwingine anarudi. Yusta akasema, "Hii ni rede ya wanaume wavivu." Na siku moja nilitaka mchezaji wangu aufuate mpira, akakimbilia upande mwingine kabisa mpaka akagonga ukuta, Yusta akacheka.

Alicheka kwa sauti. Halafu akanyamaza ghafla, kama mtu aliyeshtuka kwamba ameiba kitu.

Nikajifanya sijaona. Nikasema, "Rusha basi."

Nikaacha overtime. Saa kumi na moja jioni nikawa nipo nyumbani, tunacheza mechi moja kabla hajabandika sufuria. Na kidogo kidogo tukaanza kuongea. Alianza kunisimulia mambo ya shule, ya utotoni kwao, vitu ambavyo miaka sita sikuwahi kuvisikia. Nimekuja kugundua kitu hapa, sijui wenzangu mmeshakiona: kuna maneno mtu hawezi kukwambia akiwa anakutazama usoni. Mkikaa bega kwa bega, macho yote yako mbele na mikono ina kazi, yale maneno yanapata njia.

Ikaja Jumapili moja mchana. Tumetoka kanisani, tumekula. Yeye anarusha, mie nina gongo.

Akarusha mpira. Nikakosa.

"Deo," akasema.

"Naam."

"Ulimshika?"

Sikuhitaji kuuliza nani.

"Nilimshika," nikasema.

Akarusha tena. Sikubonyeza chochote. S ya pili ikajaa.

"Alikuwa na nywele?"

"Alikuwa nazo. Nyingi. Nyeusi, zimelala mbele huku kwenye paji."

"Alifanana na nani?"

"Wewe. Mdomo ule ule wako. Ila vidole vya miguu vyangu, hiki cha pili kirefu."

Akaweka padi chini taratibu. Muziki wa gemu ukaendelea kulia kama hakuna kilichotokea.

"Wewe ulimuona," akasema. "Mama alimuona. Festo alimuona. Manesi wote walimuona. Mchungaji. Mie niliyembeba miezi minane ndiye pekee ambaye hakumuona."

Nikaanza kueleza. Kwamba mama alisema, kwamba tuliogopa asiteseke.

"Sikuulizi mama alisema nini. Wewe ulisema nini?"

Jibu ni kwamba sikusema kitu.

"Miezi yote hii nilidhani hukuumia," akasema. "Nilikuwa nakuona unaamka unakwenda kwenye malori yako, nikasema huyu kwake ilikuwa mzigo, umeshuka."

Hapo ndipo nilipolia, wakuu. Nililia kama mtu anayetapika. Lakini msidhani alinikumbatia yakaisha. Aliinuka, akaingia chumbani, akatoka na mkoba. "Naenda Ukonga kwa mama," akasema. "Nina la kumuuliza."

Siku mbili simu haipokelewi. Siku ya tatu asubuhi nikampigia mama mkwe.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba." Sauti yake ilikuwa imekauka. "Tumelia hapa siku zote hizi. Amenikasirikia, na ana haki. Nilidhani nampunguzia. Nami nilizika wangu mmoja kabla yake yeye, nikamuona, sikulala. Ndiyo maana."

Hilo nilikuwa silijui. Yusta naye alikuwa halijui. Miaka zaidi ya thelathini yule mama alikuwa nalo peke yake.

Jioni ile Yusta akarudi. Alikuwa amebeba lile begi la nguo za mtoto. Hakukaa.

"Kesho nipeleke alipo," akasema.

Nikaomba ruhusa kazini, tukaenda.

Sasa nawaambia aibu yangu. Tulipofika sehemu ya watoto, sikupajua. Mvua zilikuwa zimenyesha, majani yamepanda, na kile kimsalaba cha fito tulichochomeka siku ile hakikuwepo. Kuna makaburi mapya mengi, vituta vidogo vidogo kila mahali. Nikazunguka kulia, nikazunguka kushoto. Yusta amesimama na begi lake ananitazama. Nikafikiri, nikimpotezea mtoto huyu mara ya pili, ndoa yangu imekwisha leo hapa hapa.

Nikampigia Festo.

"Usihangaike," akaniambia. "Fuata uzio mpaka kwenye nguzo yenye rangi ya bluu. Hesabu vituta vinne kuingia ndani. Kuna tofali nimeliweka."

"Umeliweka lini?"

"Huwa napita pita hapo."

Kaka yangu huyu hajawahi kuniambia neno moja la huruma tangu tuzaliwe. Ana kelele, anapenda ubishi. Kumbe alikuwa anakwenda kupalilia kaburi la mwanangu, mie baba yake nikiwa nimejificha kwenye kibanda cha mizani.

Tukalikuta. Pamefyekwa, pasafi, tofali limesimama.

Yusta akapiga magoti. Hakupiga kelele kama nilivyoogopa. Akafungua begi, akatoa gauni moja dogo la njano alilolishona mwenyewe kwa mkono, akachimba kwa vidole karibu na tofali, akalifukia pale. Halafu akamwita mtoto kwa jina. Lile jina mie nilikuwa silijui. Alikuwa amelichagua tangu mwezi wa tano wa mimba, jina la bibi yake, akawa analitunza aje anishangaze nalo siku ya kujifungua.

Akanigeukia akasema, "Nisimulie tena. Anzia nesi alipokupa."

Nikakaa chini kwenye udongo nikasimulia. Khanga ilikuwa ya rangi gani. Uzito wake mikononi, kilo mbili na kidogo, mie nafahamu uzito. Jinsi Festo alivyovua koti lake kwenye gari akamfunika. Maneno ya mchungaji. Kila nilipofika mwisho aliniuliza kitu kingine, nami nikajibu, mpaka jua likatuhamisha.

Hatujapata mtoto mwingine bado, msije mkasubiri sehemu hiyo. Yusta amerudi kufundisha. Kuna siku mbaya. Ila sasa siku ikiwa mbaya anasema, nami nasema.

Funzo langu ni hili, na mnaweza kulipinga: tulimficha mtu jambo lake mwenyewe tukaita huruma. Mzigo wa mtu ukimwondolea bila kumuuliza, humpunguzii, unamnyang'anya. Na nyie wanaume wenzangu, mkeo hawezi kusoma machozi uliyoyamwaga kazini.

Najua humu ndani tupo wengi tuliobeba kifurushi kidogo asubuhi moja, tukarudi nyumbani, na tangu siku hiyo hatujawahi kumtaja aliyekuwemo. Sihitaji ushauri wala pole. Kama unaye, andika jina lake hapo chini, hata kama ulikuwa nalo moyoni tu. Kama hakupewa jina, andika chochote unachokumbuka.

Naanza mie.

Wetu anaitwa Agripina.