Simu Iliyoona Dhahabu Kwenye Mavi ya Mbuzi

Mimi shule niliishia darasa la tatu, na hata hilo la tatu sikulimaliza. Lakini simu ya kupangusa naijua! Nilifundishwa na kitinda mimba wangu, nesi, ambaye serikali ilimpangia kazi Sumbawanga, mbali mpaka unachoka kutaja. Aliniachia simu akasema, "Mama, bonyeza hapa kwenye kijani, utaniona sura." Nikabonyeza, nikamwona yuleee, na meno yake. Nilicheka mpaka kuku wakatoka jikoni mbio.

Sasa huyo binti alikuwa mjamzito. Mimba mbili zilishamtoka, hii ya tatu ikakaa. Na kwetu, upande wa mama yangu ambaye alikuwa Mjaluo wa Rorya, mtoto hapewi jina hivi hivi kama unampa mtu chumvi. Akizaliwa, akiwa analia, bibi anamwitia majina ya wazee, moja moja. Lile atakalolinyamazia ndilo lake. Wanangu wote saba waliitiwa hivyo na mama yangu. Zamu yangu ilikuwa imefika, na tulikubaliana nitaita kwa simu, nikiwa namwangalia mtoto mdomoni. Mama mkwe wa binti, Mfipa, mama mmoja mstaarabu sana, alikubali, ila aliweka sharti: siku ya kuzaliwa jua lisizame mtoto hana jina. Likizama, yeye anatoa jina la kwao. Nikasema sawa, jua kwani linakimbilia wapi?

Mwaka wenyewe ndio ule dhahabu ilipoonekana kwenye shamba la mahindi hapa karibu na Kerende. Jamani, watu walikuja! Wa Geita, wa Kahama, Wakenya wa kupitia Sirari wanakusalimia "sasa mathee" kama umezaliwa nao. Vijana wakachimba mashimo, sisi wanawake wazee tukabaki na kifusi chao. Unakaa juu ya lile rundo, unachagua mawe, unaponda, unaosha, ukipata chembe unashukuru.

Nilikuwa nachagua na jirani yangu. Huyu mtu nimueleze vizuri. Tuliolewa mwaka mmoja, mji wake na wangu umetenganishwa na ua wa minyaa tu. Tumekula obhokima, ugali wa mtama, sahani moja mwaka wa njaa. Huyo kitinda mimba wangu nilipomzaa, jirani ndiye aliyenishika mgongo. Kwa hiyo habari ya mimba ya Sumbawanga, na majina, na jua la Mfipa, alikuwa anaijua yote, mpaka alikuwa ananiuliza, "Umeshayapanga majina, kikongwe wewe, au utaanza kubabaika?"

Basi asubuhi moja simu yangu inalia, ni jirani, amenitumia sauti: "Mwenzangu, fungua hiki kitu. Kinaona dhahabu chini ya ardhi. Kila kikikuuliza, bonyeza ndiyo." Niulize nini tena? Nikabonyeza ndiyo, ndiyo, ndiyo. Siku ya ndoa yangu sikusema ndiyo nyingi hivyo.

Nikaenda nayo kwenye kifusi, nimeinyoosha mbele kama padri na ubani. Ikalia tii tii tii! Nikachimba. Kisoda cha chupa. Ikalia tena kwenye bakuli langu la uji. Ikalia kwenye mavi ya mbuzi, hapo ndio ililia kwa furaha kabisa, na wanawake wote wakaja kuangalia. Mmoja akasema, "Bibi, huyo mbuzi msimchinje, muosheni!" Tulicheka siku ile, mimi mwenyewe nikawa wa kwanza.

Kicheko kikaisha kesho yake. Nikifungua nione taarifa ya habari, inanipeleka kwenye gurudumu la kamari. Nikifungua kwaya, wanatokea wasichana wamevaa kamba tu. Kwenye sala ya jumuiya, katekista anasoma, kimya, simu inapiga kelele kutoka kifuani kwangu, "Hongera! Umeshinda!" Bando la wiki linakwisha chai haijachemka. Na binti akinipigia, sura yake inakuja kidogo tu, halafu lile gurudumu linakuja juu yake linamfunika. Hata kupiga ya kawaida, unabonyeza namba, unajikuta kwenye duka la dhahabu.

Nikamwuliza jirani kupitia minyaa, "Yako inafanya hivi?"

"Yangu? Yangu haina neno."

Lakini kwenye kifusi hakuja siku tatu. Akasema mgongo.

Siku ya nne, asubuhi, binti akapenya sekunde moja: "Mama, uchungu umeanza, niko..." Gurudumu hilo. Nikapigapiga kile kioo kama mlango wa mtu aliyelala. Hakuna. Nikapanda bodaboda mpaka Nyamongo kwa fundi simu, mtu mzima wa Tanga, kofia imekaa sawa kichwani na maneno yamepangwa.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Itoe hii takataka, mwanangu anajifungua."

Akaipangusa, akaguna. "Nani kakuwekea huyu mdudu?"

"Mdudu gani? Ni kitu cha kuona dhahabu."

"Dhahabu anaiona aliyekitengeneza, bibi. Wewe unasema unaenda Sumbawanga, chenyewe kinakugeuza njia kinakupeleka kwenye maduka ya wenyewe. Kila ukurasa unaofunguka hapa, kuna mtu huko analipwa." Akabonyeza kidogo, akasimama. "Na huku nyuma kuna maandishi. Hukuyasoma?"

"Maandishi madogo mimi siyawezi."

Akanisomea: "Tuma kwa watu kumi na watano, simu yako itafunguka."

Nikamwambia arudie, akarudia. Nikauliza, "Kwani hakijitumi chenyewe?"

"Hiki hakijitumi. Mtu anakituma kwa kidole chake, akishabanwa."

"Kwa hiyo aliyenitumia mimi alikuwa ameshabanwa? Alikuwa anajua?"

Fundi akaitengeneza kofia yake ambayo haikuwa na tatizo. "Bibi, mimi natengeneza simu."

Akasema kuisafisha ni kufuta kila kitu, na itachukua mpaka kesho. Namba ya binti nilikuwa nayo humo humo ndani, sijawahi kuishika kichwani. Akajaribu kuitafuta, gurudumu likaja. Nikamwachia simu na laini yake. Baadaye niliambiwa ningeichomoa tu ile laini nikaiweka kwenye kitochi, simu ndogo ya vitufe, cha mtu yeyote, binti angenipata. Sikujua kama inachomoka, na wateja walikuwa wamejaa pale wanamvuta fundi, na kichwa changu kilikuwa kimeshaondoka, kimetangulia kwa jirani.

Nilirudi Kerende kwa miguu. Matusi niliyoyapanga njiani yale, ya Kikurya, ya Kijaluo, mengine nilitunga mwenyewe. Sikupita hata kwangu. Nikamkuta amekaa kwenye kigoda mlangoni anamenya muhogo.

"Ulikuwa unajua," nikasema.

Hakuinua kichwa. "Kaa kwanza, nikupe uji."

"Sikai. Ulikuwa unajua?"

Kisu kikasimama. "Yangu ilikuwa imefungwa wiki nzima, inakubali kutuma tu. Ikaniambia kumi na watano. Mimi watu kumi na watano nawatoa wapi? Ninao wanangu, na wewe, na katekista."

"Katekista ulimtumia?"

"Katekista nimtumie vipi, mtu wa Mungu!"

"Na wanao?"

Akaokota muhogo mwingine.

"Kwa hiyo ni mimi tu."

"Nilianza na wewe," akasema, na sasa ndio akaniangalia. "Wewe ndiye peke yako niliyejua utanisamehe."

Nisiwadanganye, hilo ndilo lililonichoma. Adui angeniogopa kidogo, angejiuliza huyu mama akijua itakuwaje. Huyu hakuniogopa hata chembe. Na siku hizo hizo, akiwa ananiuliza majina nimeyapanga!

"Na ilifunguka?" nikamwuliza.

Akaingia ndani, akaitoa kwenye debe la unga, imeviringishwa kwenye kitenge. Akaifungua. Gurudumu lilikuwa linazunguka huko huko ndani ya unga. "Haikufunguka," akasema. "Washenzi wamenidanganya na mimi."

"Safi sana," nikasema. Nikageuka niondoke zangu, ndio macho yakaangukia kwenye ukuta wake wa jikoni.

Pale karibu na mlango kuna namba imeandikwa kwa mkaa. Zamani, binti akiwa chuo cha unesi, mimi sina simu, alikuwa anapiga kwenye kitochi cha jirani, na jirani anapaza sauti juu ya minyaa, "Njoo, mwanao huyu!" Namba ya binti haijabadilika mpaka leo. Na ule ukuta huwa unakandikwa upya kila mwaka. Kwa hiyo kila mwaka, akishakandika, alikuwa anaiandika tena.

"Toa kitochi," nikasema.

"Kile kimefungwa mpira, kifuniko kimepotea..."

"Kitoe!"

Akakitoa. Mimi nasoma namba ukutani, yeye anabonyeza. Ikaita. Hakikutokea kitu chochote cha kuzunguka. Iliita tu, kama simu.

"Mama!" Ni binti, na nyuma yake kilio. "Mama, nakupigia tangu asubuhi! Ni wa kike. Mama mkwe yuko dirishani anaangalia jua."

Kwetu jua lilikuwa limeshagusa mlima. Binti akasema Sumbawanga bado liko juu kidogo. Kumbe kwao linachelewa! Nikamwambia weka simu karibu na mtoto. Nikaanza. Jina la mama yangu: analia. La bibi yangu: analia. La shangazi aliyefia Shirati, la mama mkwe wangu, la dada yake: mtoto analia kama mashine ya kusaga mawe. Sura simwoni, simjui mdomo wake, ni kama naita kwenye shimo. Majina yakaniishia. Nikarudia la mama yangu mara mbili, kwa kuiba, akazidi.

Jirani akanipokonya kitochi. "We mtoto, mbona unampigia bibi yako kelele? Hebu nyamaza. Na mimi hapa ni bibi yako," na akajitaja jina lake.

Kimya. Kimya mpaka tukasikia mtu anakohoa huko wodini.

"Mama," binti akasema polepole, "kanyamaza. Hilo jina ni la nani?"

Nikamwangalia jirani. Alikuwa anaangalia maganda ya muhogo. Hakukusudia; alikuwa anamsalimia mtoto tu. Ningeweza kutaja jina lingine lolote, binti asingejua, na jina la mama yangu lilikuwa pale pale mdomoni. Lakini nilikuwa nimeshashinda siku nzima nikimkasirikia mtu aliyedanganya kwa simu.

"Ndilo hilo hilo," nikasema. "Mwambie mama mkwe."

Ule uji niliunywa. Niliunywa nimesimama, na kikombe nikakiweka chini mwenyewe, sikumpa mkononi.

Sasa mjukuu anakimbia, likizo analetwa kwangu. Nikimwita kutoka uani, kabla mtoto hajaitika, kule ng'ambo ya minyaa kikongwe ameshaitika, "Abee!"

"Sijakuita wewe!" namwambia. "Wewe nina maneno na wewe bado!"

"Basi nyamaza kutaja jina langu!" anajibu.

Na mimi nifanyeje? Ndilo la mtoto. Nataja tena.