Kanga Mweupe wa Sokoni Bungoma

Leo nimelia sokoni kwa sababu ya ndege. Chekeni kwanza, kisha mnisikilize.

Mama mmoja alikuwa amenunua kanga mchanga, mweupe kama maziwa. Akaniuliza, "Mzee, si huyu atapata madoa akikua?"

Mnajua napenda kueleza. Kifaranga wa kanga huanguliwa na michirizi ya kahawia, madoa huja baadaye. Mweupe hapati kamwe.

Lakini nilimkumbuka mama yangu, machozi yakanitoka.

Miaka ya hamsini, kaka yangu Wafula alileta mayai ya kanga kutoka shamba la mzungu alikofanya kazi, Kitale. Kuku wetu wa nyumbani Naitiri akayaatamia. Vifaranga walipotoka, Wafula akaaga kurudi kazini:

"Mama, hawa wakipata madoa wote, nitakuwa nimerudi."

Wote wakapata, ila mmoja mweupe.

Wafula hakurudi. Wazee walipotaja matanga, Mama aliwafukuza. "Matanga ya nani? Si bado mmoja?"

Kila asubuhi alimkamata yule mweupe, akampekua manyoya. Hadi Mama anazikwa, hakuna kati yetu aliyejua kwamba weupe hawapati madoa.

"Ati mzee, atapata?" yule mama akarudia.

"Atapata, mama. Mpe muda."

Ninyi mngemjibu nini?